Daftari la Nyongeza

14 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba ufunge mlango. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee Fundi, ingawa ni mwanao na mimi ni kama dada yake wa tumbo moja, kwa sababu Fundi akishakaa kwenye cherehani mdomo wake nao huanza kushona, na wateja wake ni mtaa mzima. Neno lolote lililomo humu likitoka nje, mimi nimekwisha. Ukimaliza kusoma, ichome. Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumbani ni ya Fundi, na yeye huweka sauti ya nje hata mtu akiwa anaagiza suruali.

Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja, na mlango wake unafunga vizuri ukiuinua kidogo. Mama mwenye nyumba ananiita Ofisi, kwa sababu kila asubuhi natoka nguo zimepigwa pasi. Kaka ameniarifu kwamba wifi amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Anasema mtoto amechukua sura yako, hasa ukiwa umekasirika.

Sasa jambo lenyewe. Unajua niliajiriwa Septemba kuwa karani wa shule, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Shule yetu ina watoto wake, na ina wengine sitini na watatu waliokuja mwaka juzi kutoka shule ya ng'ambo ya barabara kuu, baada ya ukuta wa shule yao kupasuka na jengo kufungwa. Waliambiwa ni kwa muda. Katika kila darasa wakaandikwa kwenye daftari lao peke yao, daftari la nyongeza, na tangu hapo wao wenyewe wanaitwa Nyongeza. Mwalimu anaita majina ya darasa, anafunga daftari, anafungua lile jembamba na kusema, "Haya, na Nyongeza." Wanakaa madawati ya nyuma. Wanaingia kwa lango la upande wa jikoni. Sitaki kusema uongo, hakuna mtu anayewatukana. Ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuwaingiza ndani.

Kila Januari karani huandika upya madaftari ya mahudhurio, kwa wino na kwa mkono. Namba ya mtoto kwenye daftari ndiyo kila kitu hapa. Ndiyo dawati lake, ndiyo zamu yake ya kufagia, ndiyo mwenzake wa kitabu, maana kitabu ni kimoja kwa watoto wawili: namba moja na mbili, tatu na nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kufuta hakuruhusiwi.

Nilipewa majina yote ndani ya jalada moja. Nikaanza na darasa la nne, la chini kabisa lenye Nyongeza. Chuoni tulifundishwa kupanga majina kwa alfabeti, na mkono wangu ukafanya ulichofundishwa. Nilipofika mwisho nikaona kwamba Nyongeza wote wamo ndani ya orodha kuu, na daftari lao jembamba halina kazi. Nikafanya vivyo hivyo darasa la tano, la sita na la saba, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, nadhani.

Mwalimu Mkuu alisaini yote huku anaongea kwenye simu. Nikapiga mhuri. Nakala zimekwenda ofisi ya elimu. Jumatatu shule inafunguliwa, watoto mia mbili wa madarasa manne watakaa nilivyowakalisha mimi, na hakuna aliyeniagiza. Nikifukuzwa kabla ya kuthibitishwa kazini, itaandikwa kwenye jalada langu na hakuna ofisi itakayonichukua.

Wewe umepika shuleni miaka ishirini na minane. Je, kwenu kulikuwa na watoto walioandikwa pembeni? Walipochanganywa ilikuwaje? Nijibu hilo hasa.

Mwanao mwoga,
Karani

3 Februari

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mlango niliufunga, mpaka Fundi akauliza kama siku hizi naogea chumbani. Barua yako sijaichoma. Iko mahali ambapo Fundi hafiki, yaani ndani ya ufagio.

Tumshukuru Mungu kwa mtoto. Mwambie kaka yako mimi sijawahi kukasirika tangu nizaliwe, na akibisha nitakuja kumwonyesha. Fundi amenunua cherehani ya pili, ya kutumia mguu, na bado hana miguu minne. Jirani yetu wa mbuzi na jirani yetu wa kabichi hawasalimiani tena. Unaweza kukisia nani kala nini. Mimi niko salama, ila goti.

Je, unakula? Hukuandika habari ya kula. Mtu anayeandika kurasa mbili za hofu bila kutaja chakula hajala.

Sasa, hilo daftari. Kaa kimya. Kama kila mtu amesaini na kila mtu amegonga mhuri, basi ni lao wote. Fanya kazi yako, piga pasi nguo zako, salimia kila mtu. Lakini umeniandikia neno "nadhani". Nimekulea, najua mahali unapoliweka. Ulipovunja kikombe changu cha bluu ulisema upepo, nadhani.

Umeniuliza mambo ya jikoni kwetu. Jikoni kulikuwa na moto na masufuria. Goti linaniita nikalikande.

Shangazi yako

16 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi nakula, mama mwenye nyumba ni shahidi. Yeye husema ninatafuna kama mtu anayehesabiwa. Mtoto wa Kaka amepewa jina la bibi yetu, nadhani umeshapata habari. (Hiyo "nadhani" ni ya kweli.)

Nikueleze ilivyokuwa. Siku ya kufungua nilijibanza nyuma ya dirisha langu la ofisi, lile dogo ambalo watu huinamia wakiniuliza kitu. Mwalimu wa darasa la tano alichukua daftari akaingia darasani. Baada ya dakika kumi alirudi akainama.

"Karani, la Nyongeza liko wapi?"

"Mwaka huu limetoka hilo moja tu, Mwalimu."

Kila neno lilikuwa kweli. Akanitazama, akalitazama daftari, akaona sahihi ya Mkuu na mhuri. "Sawa," akasema, akaenda. Shangazi, walimu ni watu wa ajabu. Watabishana saa nzima juu ya chaki, lakini daftari likishasema, limesema.

Watoto hawakufurahi. Namba kumi na saba wa darasa la tano ni msichana tunayemwita Miwani, na namba kumi na nane ni msichana wa Nyongeza anayeongea chini kwa chini hadi watu wamempa jina la Sauti Ndogo. Wiki ya kwanza Miwani alikuja dirishani.

"Karani, naomba unibadilishie namba."

"Kwa nini?"

"Kumi na nane ni Nyongeza."

"Ana jina."

"Najua ana jina. Anavuta kitabu upande wake."

Nikamwambia namba zimeandikwa kwa wino. Wiki ya pili akarudi. "Kumi na nane kaenda na kitabu nyumbani na leo hajaja. Anakaa wapi?" Wamesoma shule moja miaka miwili, Shangazi, na hakujua. Nikamwonyesha kwenye fomu. Alikwenda baada ya masomo, na usidhani alikwenda kwa upendo, alikifuata kitabu. Siku ya tatu yake walikuja dirishani wote wawili, wakigombana nani kati yao kamchora masharubu mfalme wa ukurasa wa thelathini. Sauti Ndogo ndiye aliyekuwa anapiga kelele zaidi.

Si wote hivyo. Kuna mtoto wa darasa la nne aliyelia siku mbili kwa sababu nyuma kule alikuwa anakaa na binamu yake, na mimi nimewatenganisha. Kuna baba aliyekuja na kofia mkononi kusema mwanawe hakulelewa kukaa na watu wa kupita. Mwalimu Mkuu akamjibu kwa ile sauti yake ya taratibu, "Sisi tunafuata daftari, Baba." Nilikuwa nje ya mlango na chai yake. Nilimwaga nusu kwenye kisahani.

Sasa sikia kinachonikosesha raha. Naibu wa Mkuu, ambaye tunamwita Kipenga kwa sababu hukivaa shingoni hata kikaoni, anauliza kila mtu nani kaagiza. Walimu wanasema ni Mkuu, sahihi si yake? Mkuu anasema ofisi ya elimu wamepokea nakala bila neno, basi bila shaka ni utaratibu wao. Juzi ofisi ya elimu wakapiga simu, nikapokea mimi. Mama mmoja akasema, "Tunaona mmebadili mpangilio. Mmeagizwa na nani?" Nikasema nitamwuliza Mwalimu Mkuu. Sijamwuliza. Duniani, ukijiondoa wewe, kuna mtu mmoja tu anayejua, na anakuandikia.

Nikiri? Ninyamaze? Na hukunijibu habari ya kwenu. Nauliza tena.

Karani

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Najua umesubiri. Nilianza kukujibu mara tatu, na mara tatu karatasi niliwashia jiko.

Hapa wote wazima. Fundi amemshonea mwalimu wa kwaya koti lenye mkono mmoja mrefu, na anasema mwalimu ndiye aliyepinda. Nasikia mtoto wa kaka yako ameanza kucheka.

Rudisha majina kama yalivyokuwa. Nenda kwa huyo Kipenga, mwambie umekosea, chukua madaftari mapya, andika kama ya zamani, Nyongeza kwao na wengine kwao. Katika ukoo wetu hakuna mtu mwingine aliyewahi kulipwa kwa kukaa kwenye kiti cha ofisi. Usikiache kiti hicho kwa ajili ya nani kakaa na nani. Niliona mwanamke akifukuzwa kazi asubuhi moja kwa jambo dogo kuliko lako, na alikuwa na watoto wanne.

Usiniulize zaidi. Kula.

Shangazi

12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Hapa mvua imeanza, na mlango wangu sasa haufungi hata ukiuinua.

Barua yako ni fupi, lakini nimeisoma kuliko zote. Iliniuma. Kisha nikaona sina haki ya kuumia, kwa sababu mimi mwenyewe sijakueleza kweli yote.

Nilikuandikia kwamba niligundua nilipofika mwisho wa darasa la nne. Si hivyo. Niligundua kwenye jina la nne. Lilikuwa la mtoto wa Nyongeza. Niliinua kalamu. Ilikuwa likizo, uwanja mtupu, sauti ya mtu mmoja anasukuma toroli mahali fulani. Ningeweza kuacha hapo na kuandika barua ya kueleza kosa, maana yalikuwa majina manne tu. Nikaandika la tano.

Sababu ni hii. Novemba alikuja mpiga picha wa shule. Aliwapanga watoto kwa kufuata daftari, darasa baada ya darasa. Nyongeza walikuwa wamesimama kando ya ukuta, wamechana nywele, wengine wamepaka mafuta mpaka magotini, wanangoja daftari lao lifunguliwe. Halikufunguliwa. Hakuna aliyekusudia, mwalimu aliyelishika alikuwa ameitwa ofisini. Mpiga picha akakunja miguu ya kamera akaondoka. Sauti Ndogo akaja dirishani kwangu. "Karani, yetu sisi ni lini?" Nikamwambia nitauliza. Sikuuliza. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini na niliogopa kuonekana mjuaji. Kwa hiyo nilipofika jina la nne, niliandika la tano. Mkono haukuzoea chochote, Shangazi. Nilikuwa mimi.

Sasa Kipenga amechoka kuuliza, ameamua kutenda. Wiki ya mwisho ya Machi alipata ruhusa ya Mkuu arudishe mpangilio wa zamani kwa majaribio. Jumatatu akasimama mstarini na yale madaftari membamba ya mwaka jana. "Nyongeza, nyuma." Wakaenda. Hilo ndilo lililonitia uchungu. Walikwenda upesi, kama watu wanaoijua njia.

Lakini alisahau vitabu. Vitabu vilikuwa vimegawiwa kwa namba mpya, na kila mtoto wa pili alikuwa na mwenzake aliyehamishwa. Jumanne nilisikia darasa la tano mpaka ofisini.

"Kitabu kiko kwa nani?"

"Kwa Sauti Ndogo, Mwalimu, leo ni zamu yake."

"Basi mpe."

"Nikimpa, mimi nasomea nini? Na mwandiko wa pembeni ni wangu."

"Nani kakuambia uandike pembeni?"

"Yeye. Tunaandikiana majibu." Akajirudi upesi. "Si majibu, Mwalimu. Maswali."

Kufikia Alhamisi meza ya Kipenga ilikuwa na vitabu ishirini na sita visivyojulikana ni vya nani, na mlangoni pake foleni ya watoto wawili wawili, kila wawili wanavutana. Zamu za kufagia nazo zikavurugika. Mwenye ufagio yuko mbele, mwenye kizoleo yuko nyuma. Alipuliza kipenga ndani ya ukumbi, kitu ambacho yeye mwenyewe amekikataza. Ijumaa akawaachia wakae walivyotaka mpaka likizo. Wengi walirudi kwenye namba zangu. Wale binamu wawili wa darasa la nne walikaa pamoja, na hakuna aliyewagusa.

Kisha akaja kwangu na madaftari manane matupu. "Karani, andika upya. Mawili mawili kama zamani. Na vitabu vigawiwe upya. Yawe tayari shule ikifunguliwa Juni." Yako mezani. Kila siku nafungua la kwanza, nashika kalamu, nalifunga.

Mwanamke aliyefukuzwa alikuwa nani?

Karani

4 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Funga mlango na wewe, kama unafunga.

Alikuwa mwenzangu wa jikoni. Nitakuandikia mara moja, usinirudishe tena huko.

Baba yako alipokuwa anajenga barabara, watoto wa kambi ya wajenzi waliletwa kwenye shule yetu. Mkuu wa wakati ule akasema wana maradhi. Hakuwa na karatasi ya daktari wala nini. Alinipa kopo la rangi nyekundu na brashi. "Sahani arobaini," akasema, "ukingoni tu, zisichanganyike na za wengine." Nikapaka. Nilipaka vizuri, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma. Nilizungusha brashi kama mtu anayepamba.

Mwenzangu hakukubali. Alikuwa akiziosha zote pamoja na kugawa zilivyokuja, mtoto wa mwenye duka anapata yenye ukingo, mtoto wa kambini anapata nyeupe. Anacheka anasema, "Macho yangu hayaoni nyekundu." Aliitwa asubuhi, kabla ya mapumziko akawa anakunja aproni yake. Aliniangalia. Mimi nilikuwa nakoroga. Niliendelea kukoroga. Sahani zile zilitumika miaka tisa, na mimi ndiye niliyezirudishia rangi zilipochakaa.

Mama yako alipofariki ukaja kukaa kwangu, lakini baba yako alikuwa bado wa kambini, na siku ulipoandikishwa shule niliona jina lako liko kwenye orodha ya kambi. Nikakwambia, "Wewe utakula jikoni, unisaidie kazi." Ulifurahi sana. Uliwaambia wenzako kwamba wewe ni msaidizi wa mpishi. Nilikuwekea kigoda karibu na mlango. Sikuwaambia chochote wale wengine, ambao hawakuwa na shangazi jikoni.

Kwa hiyo niliposema rudisha majina, aliyesema ni yule mwenye brashi. Bado anaogopa. Usimfuate.

Nenda kwa Mkuu wako, si kwa Kipenga. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, pamoja na lile jina la nne. Ukifukuzwa, njoo. Fundi anahitaji mtu wa kuandika vipimo. Wiki hii kaandika kiuno cha bwana harusi kwenye ukurasa wa shemeji yake, na harusi ni Jumamosi.

Na hata usipofukuzwa, nataka kukuona. Niambie nikija nifikeje.

Shangazi yako

9 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa barua yako.

Nianze na hiyo. Sikumbuki rangi. Nakumbuka kigoda, na mvuke, na kwamba ulinipa kijiko chenye mpini wa mbao. Nilikukasirikia siku tatu, sitakuficha. Nilimkasirikia na yule mtoto aliyejisifu kwamba ni msaidizi wa mpishi. Siku ya nne nikajikuta nakufikiria ukiwa na brashi mkononi, umri wako ulikuwa karibu na wangu wa sasa, na hasira ikaniishia kama maji ya ndoo. Sina la kukusamehe. Wale walio na la kukusamehe siwajui, na nadhani wewe unawakumbuka kwa majina.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu Jumatano ya kwanza baada ya likizo. Alikuwa anajaribu funguo, ana bakuli zima la funguo za makabati ambayo hayapo tena. Nilibeba madaftari manane matupu.

"Mwalimu, nina jambo. Naweza kufunga mlango?"

"Usifunge. Ukiufunga, kila mtu atajua kuna jambo."

Basi nilisimama mlango ukiwa wazi nikamweleza kila kitu kwa sauti ya chini. Alfabeti, jina la nne, jina la tano, mpiga picha, simu ya ofisi ya elimu. Hakunikatiza. Alijaribu ufunguo mmoja, akauweka kando.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani sikusikia.

"Nilijua wiki ya kwanza. Kuna sahihi yangu na kuna mwandiko wako, na ofisi ya elimu haijawahi kutuagiza kitu bila kutaka jibu kwa nakala tatu."

"Mbona hukuniita, Mwalimu?"

"Ningekuita, ningelazimika kuamua. Nimekaa na daftari hilo la nyongeza miaka miwili, kila muhula najiambia muhula ujao. Kisha naingia darasani nakuta limekwisha. Nikasema acha kwanza, tuone. Kipenga alipotaka kurudisha nikamwachia, kwa sababu sikuwa na la kumjibu bila kukutaja." Akaokota ufunguo mwingine. "Mimi nilikuwa naogopa wewe usije ukakiri mapema."

Shangazi, sikujua mtu mwenye ofisi yenye zulia anaweza kuogopa. Nilihisi kama mtu aliyekuwa amebeba meza peke yake, kumbe upande wa pili kuna mtu alikuwa ameishika siku zote.

Nilimwambia tena kwamba sikukosea, nilikusudia, ili asije akanisamehe kitu kingine. "Nimesikia," akasema. "Kaa hapo uandike."

Aliniandikisha barua mbili. Ya kwanza ni onyo, kwangu mimi: kubadili madaftari ya shule bila idhini ya mkuu wa shule. Niliichapa mwenyewe, akaisaini, ikaingia kwenye jalada langu. Maonyo matatu ndiyo humfukuzisha mtu, na sasa ninalo moja. Ya pili ni kwa ofisi ya elimu na kwa wazazi wote: kwamba shule hii ina daftari moja kwa kila darasa na lango moja, kwamba uamuzi huo ni wake, na mwenye swali aje kwake, si kwa karani. Mwishoni aliniuliza, "Yule mpiga picha anaitwaje?" Anakuja mwezi ujao, na watoto watapangwa kwa urefu.

Kipenga alinifuata dirishani jioni hiyo. Nilijiandaa kwa kipenga chenyewe. Akainama, akasema, "Kumbe wewe."

"Ni mimi, Mwalimu. Samahani."

"Mimi sikuwa na shida na watoto. Shule isiyojulikana nani kaagiza nini inanipa homa." Akafikiri. "Lakini mwakani namba uzipange mapema, ukizingatia na ndugu. Wale binamu waliniliza." Kisha akachukua yale madaftari manane, akasema ni karatasi nzuri, yasipotee.

Yule baba wa kofia amemhamisha mwanawe. Wapo walimu ambao bado ulimi unateleza wanasema Nyongeza, wakishasema wanakohoa. Sauti Ndogo na Miwani wamenuniana tangu juzi, sijui kwa nini, na kitabu kimelala kwa mwalimu mpaka wapatane. Lakini wananuniana wakiwa dawati moja. Mimi nalala, Shangazi. Mama mwenye nyumba anasema siku hizi nakoroma, na kwamba Ofisi inayokoroma ni afadhali kuliko Ofisi inayotembea chumbani.

Sasa, ukija. Panda basi la alfajiri, lile linalofika saa mbili asubuhi. La mchana hupitiliza. Shuka kwenye duka la vioo. Usimkubalie mtu akubebee mzigo mpaka uvuke barabara. Fuata ukuta wa matofali upande wa kushoto, utasikia shule kabla hujaiona. Bawabu atakuuliza unamtaka karani yupi. Tuko mmoja tu, ni mzaha wake, mjibu unamtaka yule mzuri. Dirisha langu ni la pili baada ya kengele. Ukilikuta limefungwa usiogope, sijafukuzwa. Mwalimu wa darasa la tano yuko likizo ya uzazi, na asubuhi naenda kumwitia majina. Mlango wa darasa huwa wazi. Ingia, kaa popote palipo na nafasi, nimalize kuwaita.

Mwanao,
Karani